Daktari Trowell na maradhi yasiyokuwapo

Leo napenda kumzungumzia mtu ambaye jina lake limo katika vitabu vya matabibu wa dunia nzima, na ambaye miaka yake iliyo bora aliimalizia hapa kwetu Afrika ya Mashariki, ingawa ukilitaja jina hilo barazani Mombasa au Lamu huenda usimpate wa kukujibu. Mtu mwenyewe ni marehemu Daktari Hubert Carey Trowell, ambaye wenziwe walimwita Hugh. Alizaliwa Uingereza mwaka 1904, akasomea udaktari katika hospitali ya St Thomas's mjini London, na mwaka 1929 akaingia Kenya kuwa daktari wa serikali ya kikoloni, kijana wa miaka ishirini na mitano, yeye na mkewe Margaret.

Kila daktari anayefika nchi ngeni huandika maradhi anayoyaona. Trowell naye aliyaandika: malaria, kichocho, minyoo, vidonda, kifua kikuu. Lakini jambo lililomtenga na wenziwe ni kwamba alianza pia kuandika maradhi asiyoyaona. Alikuwa ametoka katika wodi za London zilizojaa watu wa kisukari, wa moyo, wa shinikizo la damu, wa mawe ya nyongo, wa kidole tumbo. Hapa alitazama kitanda baada ya kitanda asiyaone, au akayaona kwa Mzungu na kwa Mhindi, kwa Mwafrika asiyaone. Hata watu wanene walikuwa haba. Basi akawa na orodha, na orodha ile aliichukua kila alikokwenda kwa muda wa miaka thelathini.

Hakuwa peke yake kulitambua jambo hilo. Huko Uganda, Daktari Albert Cook wa hospitali ya Mengo alikwisha andika mwaka 1901 kwamba kisukari kilikuwa adimu, na kwamba aliyepatwa nacho hakukaa sana akafa. Mwaka ule ule wa 1929 aliofika Trowell, daktari mwingine aitwaye Donnison, aliyekuwa akifanya kazi upande wa Kavirondo ya Kusini, alitangaza vipimo vya damu alivyovipima kwa wenyeji, na shinikizo la damu lililo kubwa hakuliona kwao. Hata wazee, damu yao haikupanda kama ya wazee wa Ulaya. Na mwaka 1931 mabwana Orr na Gilks walitoa ripoti yao mashuhuri juu ya siha ya Wakikuyu na Wamasai, inayoeleza namna Wakikuyu walivyoishi zaidi kwa nafaka, viazi na jamii ya kunde.

Sasa wakati ule palikuwa na jawabu la haraka kwa mambo kama haya, nalo ni damu. Ilikuwa ni rahisi kusema kwamba Mwafrika kaumbwa hivyo, maradhi haya si yake, yamo katika nasaba ya watu weupe. Jawabu hilo lilikuwa tamu kwa kila upande. Mkoloni alilipenda kwa sababu lilithibitisha kuwa watu ni mbalimbali tangu kuzaliwa, na baadhi yetu tulilipenda kwa sababu lilitupa kinga ya bure. Udhaifu wake ulikuwa wazi kwa mwenye macho. Weusi wa Marekani, ambao asili yao ni bara hili hili, walikuwa wakipatwa na kisukari na shinikizo la damu. Ikiwa damu ni moja na maradhi si mamoja, basi patakuwa na kitu kingine.

Mwaka 1935 Trowell alihamishiwa Uganda, akaingia hospitali ya Mulago na kufundisha wanafunzi wa udaktari mjini Kampala. Mkewe naye hakukaa bure. Katika miaka yao ya Kenya alikuwa amependezwa na kazi za mikono za Wakamba, na walipofika Kampala alianza kufundisha uchoraji na uchongaji, darasa lake la kwanza likiwa barazani kwa nyumba yao. Ndipo ilipotoka skuli ya sanaa ya Makerere, iliyoanzishwa mwaka 1937, ambayo hata leo ina jina la Margaret Trowell. Wasanifu na wachongaji wengi wa Kenya, Tanganyika na Uganda walipita mikononi mwake, na kwa haki angestahili makala yake peke yake.

Kazi iliyompa mumewe sifa kwanza ilihusu watoto. Tangu alipokuwa Kenya aliwaona watoto walioachishwa ziwa, wamevimba miguu na uso, nywele zimekuwa nyekundu, ngozi inabambuka, mama anadhani mtoto amenenepa kumbe anakufa. Mwanzoni Trowell alidhani ni pelagra, ugonjwa wa kukosa vitamini. Akawapa dawa yake, wasipone. Kule Gold Coast, ambayo sasa ni Ghana, daktari wa kike Cicely Williams alikwisha ueleza ugonjwa huo na kuupa jina la wenyeji, kwashiorkor. Trowell alishikana nao kwa zaidi ya miaka ishirini, na mwaka 1954 yeye na wenziwe Davies na Dean wakatoa kitabu kikubwa juu yake, kuonyesha kuwa asili yake ni mtoto kulishwa wanga mtupu bila ya maziwa, nyama, samaki wala kunde. Nataja jambo hili kwa sababu ndilo lililomtia katika tabia ya kutazama chungu kabla ya kutazama damu.

Huku nyuma ile orodha yake ya maradhi yasiyokuwapo ilianza kupungua. Mwaka 1956 yeye na daktari mwenzake waliandika habari za Mwafrika mmoja aliyepatwa na maradhi ya mishipa ya moyo, na mtu huyo hakuwa mkulima wa shambani bali hakimu. Kisa kimoja tu, na ilibidi kiandikwe katika jarida la madaktari kwa ajili ya ugeni wake! Mwaka 1958 Trowell aliondoka Afrika, na mwaka 1960 kikatoka kitabu chake juu ya maradhi yasiyoambukiza katika Afrika, ambamo aliyahesabu moja moja yale yote aliyoyakosa au kuyaona kwa nadra. Baada ya hapo akawa padri huko kwao, karibu na Salisbury, na lau kama angenyamaza hapo pasingekuwa na mtu wa kumlaumu.

Hapa inanibidi nieleze mimi mfanya biashara ya mchele nimefikaje kwa daktari huyu. Wasomaji wa pwani wanaujua mchele wa pishori wa Mwea, kwani hakuna harusi ya maana isiyonukia harufu yake. Kwa ajili ya mchele huo mimi huenda mara kwa mara mpaka Kutus, mji mdogo wa Kirinyaga ulio baina ya mashamba ya mpunga kule chini na mashamba ya kahawa na chai kule juu, na asubuhi isiyo na mawingu utaiona theluji ya Mlima Kenya kana kwamba iko juu ya paa za maduka. Maji ya mito ya Thiba na Nyamindi ndiyo yanayoilisha mifereji ya Mwea, iliyochimbwa katika miaka ya 1950 kwa nguvu za mahabusu wa wakati wa hali ya hatari. Wazee wa pale wanakumbuka chakula cha kabla ya mpunga: wimbi, mawele, mtama, njahi, kunde, viazi vikuu, viazi vitamu, mboga za porini, na mahindi yaliyopikwa na maharagwe bila ya kukobolewa. Wali ulikuwa kitu cha mjini, na sukari ililambwa kwa siku maalumu.

Mwenyeji wangu pale Kutus ni mzee wa makamo yangu, ambaye jina lake nalihifadhi. Baba yake alikufa mkongwe, wala hakusikia hata neno kisukari. Lakini katika watoto wa baba huyo, watatu wana sukari. Kaka mkubwa mafigo yalisimama akafariki. Dada yao huenda kusafishwa damu kwa mashine mara mbili kwa wiki, na kila safari ni kiroba cha mchele kilichouzwa. Mwenyeji wangu mwenyewe ana sukari mwaka wa kumi na tano, na mafigo yake hayajambo. Hoja yake, tena huisema mbele ya wanawe, ni kwamba jambo hili ni la ukoo, limeandikwa katika damu, na kwa hivyo hakuna haja ya kuwapima vijana na kuwatia khofu, mbali ya kuwaharibia posa. Kwetu pwani nimeisikia hoja hiyo hiyo kwa lafudhi nyingine. Mambo mawili hayakuniingia akilini: ikiwa ni damu tu, mbona baba hakuwa nayo? Na ikiwa ni chakula tu, mbona ndugu watatu wa chungu kimoja wameachana hivyo? Katika kutafuta jawabu la la kwanza ndipo nilipokutana na Trowell.

Yeye alirudi Afrika ya Mashariki kutembea mwaka 1970. Aliyoyaona yalimshitua. Mijini, watu wanene aliowaacha wachache sasa walijaa barabarani, na kila mji mkubwa ulikuwa na kliniki ya kisukari yenye foleni ndefu. Kwa maoni yake unene na kisukari vilikuwa pacha waliozaliwa pamoja na wanaokua pamoja. Muda uliopita tangu afike Kenya ulikuwa miaka arubaini na moja, na katika muda kama huo nasaba ya watu haigeuki. Watu waliokuwa katika foleni zile walikuwa ni watoto, na pengine ni wale wale, wa watu aliowapima yeye wakati wa ujana wake. Lililogeuka ni unga, sukari, mafuta, gari na kiti.

Akiwa mzee wa zaidi ya miaka sitini, padri aliyestaafu, alishika kalamu tena. Alikuwa na mwenzake wa zamani wa Mulago, Denis Burkitt, yule daktari mpasuaji aliyeieleza saratani ya taya za watoto inayoitwa kwa jina lake. Wawili hawa walitangaza duniani kwamba kitu kilichopotea katika chakula cha watu wa mjini ni makapi, yaani zile nyuzi za nafaka, kunde na mboga ambazo tumbo haliwezi kuziyeyusha. Mwaka 1975 walitoa kitabu juu ya vyakula vilivyokobolewa na maradhi yanayoletwa navyo, na mwaka 1981 kingine juu ya maradhi waliyoyaita ya kimagharibi. Mwenye kula mkate wa mofa wa mtama, kama walivyokula wazee wetu, sukari humwingia damuni polepole. Mwenye kula mahamri kwa chai ya vijiko vinne humwingia kwa mkupuo.

Sitaki kumpamba marehemu kupita kiasi. Ushahidi alioupenda sana ni kwamba vifo vya kisukari vilipungua Uingereza wakati wa vita vikuu vya pili, ambapo serikali iliamuru unga usichekechwe sana. Ni kweli vilipungua, lakini katika miaka ile ile sukari ilikuwa kwa mgao, nyama na siagi kwa mgao, na petroli haipatikani, watu wakatembea kwa miguu. Kuipa pumba peke yake sifa yote hiyo ni kama kumsifu mpiga zumari mmoja kwa ngoma nzima. Na tena hakuwa na jibu la suala langu la pili, la ndugu watatu wa Kutus.

Suala hilo lina historia yake. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alieleza katika Qanun kiu ya mgonjwa wa kisukari na wingi wa mkojo wake, na matabibu wa zama zile waliyahesabu hayo kuwa ni maradhi ya mafigo. Na humo humo aliandika kwamba yako maradhi yanayorithiwa, akataja jongo kuwa mojawapo. Siku hizi tunajua zaidi. Kila figo lina vichujio vidogo takribani milioni moja, na kila kichujio ni fundo la mishipa ya damu iliyo myembamba mno. Sukari ikizidi katika damu kwa miaka mingi, utando wa vichujio huharibika, hunenepa, kisha huanza kuvuja, na protini ya damu ikapita katika mkojo. Wala hakuumi. Mtu analima, anafungua duka, anacheza bao, na miaka kumi au zaidi inampita hivyo hivyo, mpaka siku miguu inapovimba. Shinikizo la damu likiongezeka juu yake, moto umepata upepo.

Lakini si kila mwenye kisukari hufika huko. Katika watu kumi, watatu au wanne ndio mafigo yao huharibika. Wengine hukaa na sukari isiyotunzwa vizuri miaka thelathini na mafigo yao salama, na wengine huangushwa upesi. Hilo ndilo lililowafanya wataalamu washuku nasaba. Mwaka 1989, ambao ndio mwaka aliofariki Trowell, wataalamu wa Minnesota, Marekani, walitoa uchunguzi wao juu ya ndugu waliozaliwa pamoja na wote wana kisukari. Pale ambapo ndugu mmoja alikuwa na maradhi ya mafigo, wale ndugu zake wengine wenye dalili za maradhi hayo walikuwa 83 katika kila 100. Pale ambapo ndugu yule mafigo yake yalikuwa mazima, walikuwa 17 tu. Mwaka uliofuata zikatoka habari za Wapima, wenyeji wa asili wa Arizona, ambao kisukari kimewatafuna sana. Watoto wenye kisukari ambao wazazi wao hawakuwa na protini katika mkojo, 14 katika 100 walikuwa nayo. Mzazi mmoja akiwa nayo, 23. Wazazi wote wawili, 46.

Hesabu hizo ni nzito, nami zilinitia unyonge nilipozisoma mara ya kwanza, kwa kuwa kwetu tunaoana mtoto wa ami na mtoto wa mjomba, na mara nyingi nyumba mbili zenye sukari huunganishwa na harusi moja. Hata hivyo zitazameni vizuri. Hata katika Wapima wenye wazazi wote wawili wagonjwa, zaidi ya nusu hawakuwa na protini. Tena jamaa hawarithiani damu peke yake. Hurithiana pia chungu, kijiko cha sukari na tabia ya kutopima damu. Na mwaka 2019, wataalamu walipochunguza karibu watu 20,000 wenye kisukari cha kudungwa insulini, jamii yao wenye asili ya Ulaya, hawakuona jeni moja la kuhukumu. Waliona mahali pengi, kila pahali pana nguvu kidogo, na pale palipokuwa na nguvu zaidi palikuwa ni katika jeni linalofuma nyuzi za ule utando wa vichujio. Mwenye namna fulani ya jeni hilo mafigo yake yalihifadhika zaidi. Yaani nasaba huweza kukukinga pia, na pengine ndiyo iliyomkinga rafiki yangu wa Kutus huku ikimwacha dada yake. Waafrika ni wachache sana katika uchunguzi kama huo, na wa Kirinyaga na wa Kisauni jambo lao halijasemwa.

Kwa hivyo baba wa mwenyeji wangu huenda alikuwa na nasaba ile ile aliyowapa wanawe, lakini ilikaa kimya kwa sababu hapakuwa na sukari ya kuiamsha. Hiyo ndiyo orodha ya Trowell ikisomwa kwa macho ya leo. Mwaka 1962 bwana James Neel wa Marekani alikuwa amesema jambo linalokaribia hilo: kwamba jeni zilizowafaa babu zetu siku za njaa ndizo zinazotudhuru siku za shibe. Rai yake ingali inabishaniwa. Yasiyobishaniwa ni kwamba protini katika mkojo inaonekana mapema kwa kipimo kidogo, kabla ya figo kufa, na kwamba tangu mwaka 1993 imejulikana wazi kuwa dawa kama captopril, ambayo asili yake ni ya shinikizo la damu, huchelewesha kuharibika kwa mafigo ya mwenye kisukari.

Haya nilimweleza mwenyeji wangu msimu wa mavuno, tumekaa juu ya magunia tukingoja lori. Hakukubali upesi. Alisema kwamba mwana wake wa pili ana mchumba Embu, na kwamba wazazi wa msichana wakisikia kijana kapimwa mafigo watauliza kwa nini. Nilimjibu kwamba mazishi ya kaka yake walihudhuria pia watu wa Embu. Alinyamaza, akahesabu magunia yake upya.

Safari yangu ya mwisho nilikuta amewapeleka. Wanawe watatu wamepimwa sukari, damu na mkojo. Mmoja sukari yake imeanza kupanda, na mkojo wake ni safi. Wa nne yuko Thika, na mpaka sasa anasema hana nafasi.